Kisu Kipi kwa Chuma Kisichoshika Kutu?

Hotuba ya mafundi wa karakana mbele ya wanachama na viongozi, Janga



Tumepewa nafasi hii ili tueleze jambo ambalo wanachama wengi wametuuliza karakanani, tena wengine kwa hasira. Kwa nini shafti ya mashine ya muhogo iliyokerezwa kwa chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi, huchukua siku nzima, hali shafti ya chuma cha kawaida humalizika kabla ya adhuhuri? Na kwa nini mafundi waiombe Halmashauri fedha za visu, wakati sanduku la visu limejaa? Maswali haya ni ya haki, kwani mwenye mali ana haki ya kujua mali yake yaenda wapi. Basi twaomba mtuvumilie kidogo, maana jawabu limo katika kitu kidogo kuliko punje ya mtama, yaani ncha ya kisu.

Tuanze na muhogo wenyewe, kwa kuwa ndio uliotuleta hapa. Kila mkulima ajua ya kuwa muhogo ukishang'olewa hauna subira: katika siku mbili au tatu tu huanza kupiga michirizi na kuharibika. Kadhalika ajua ya kuwa muhogo una sumu, ambayo hutoka unapoparazwa, ukakamuliwa na kukaushwa. Lakini maji yale yakamuliwayo huchacha, na maji makali hula chuma. Mashine yenye ngoma na shafti ya chuma cheusi hulala usiku mmoja ikaamka na kutu. Kutu ile huingia katika unga, unga ukageuka rangi, na mnunuzi akausukuma kando hata kabla hajauliza bei. Ndiyo sababu Chama kiliamua ya kuwa kila kigusacho muhogo kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Uamuzi ule ulikuwa mwema, nasi twauunga mkono.

Walakini chuma kizuri kikikerezwa vibaya ni nusu ya hasara. Shafti yaweza kung'aa kwa mbali, lakini ukiitazama kwa kioo cha kukuzia waona matuta na mifereji kama shamba lililopigwa plau. Wanga wa muhogo hukaa katika mifereji ile, ukachacha humo, na maji ya kuoshea yasiufikie. Tena pale shafti ipitapo katika sili ya mpira, matuta yale huwa kama meno ya tupa: huila sili kidogo kidogo. Sili ikishaliwa, grisi ya beringi hutoka ikaingia katika muhogo, na maji ya muhogo huingia katika beringi. Beringi hufa katikati ya msimu, magunia yakiwa yamepangwa foleni. Mwanachama aliyeng'oa muhogo wake juzi hawezi kungoja juma zima beringi itoke Dar es Salaam. Hapo ndipo ncha ya kisu inapogeuka kuwa fedha ya mkulima.

Kazi ya kukereza si ngeni katika pwani yetu. Wazee walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la upinde, mti ukizunguka mbele na nyuma, na jina la mkereza lilikuwa jina la heshima. Hapa petu Kibaha kituo cha Nyumbu kimekuwa kikifanya kazi ya magari na vipuri tangu miaka ya 1980. Lakini ufundi wa mti, na hata ufundi wa chuma cheusi, haukupi ruhusa ya kukidharau chuma hiki. Kina tabia zake.

Chuma kisichoshika kutu kilijulikana kwa watu wengi kuanzia mwaka 1913, Harry Brearley alipokiyeyusha katika mji wa Sheffield, Uingereza. Na Wajerumani wa kampuni ya Krupp walikuwa wamefika karibu na jambo hilo hilo mwaka uliotangulia. Siri yake ni kromi. Chuma kikiwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ndio huzuia kutu. Aina tuitumiayo zaidi huitwa 304, nayo ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Iko nyingine iitwayo 316, iliyoongezwa molibdeni, ambayo hustahimili chumvi zaidi. Iko na 303, ambayo imetiwa salfa ili ikatike kwa urahisi. Wauzaji wengine huwashawishi mafundi waichukue hiyo 303, kwani kisu hupita ndani yake kwa raha. Kwa bolti isiyokutana na maji makali hatuna neno. Kwa mashine ya muhogo twasema hapana, maana ile salfa inayomfurahisha mkereza ndiyo inayofungua mlango wa kutu.

Sasa tabia za 304. Ya kwanza, nayo ndiyo mama wa matatizo yote, ni kwamba chuma hiki hukasirika kikisuguliwa. Chuma cheusi ukikisugua kwa kisu butu hukwaruzika tu. Hiki hugeuka kigumu pale pale kilipoguswa. Mkereza akipitisha kisu butu mara moja, ameacha gamba gumu juu ya shafti. Akirudi mara ya pili kisu kinakutana na gamba lile, kinazidi kuwa butu, na gamba linazidi ugumu. Tabia ya pili ni joto. Chuma hiki hupitisha joto kama theluthi tu ya chuma cha kawaida. Kwa hiyo joto la kukata halikimbilii ndani ya shafti wala halichukuliwi lote na maranda. Hubaki pale penye ncha ya kisu na kuichoma. Ya tatu ni kunata. Chembe za chuma hujibandika juu ya makali kama ugali juu ya mwiko, zikajenga ncha ya uongo, kisha zikabanduka na kurarua uso wa shafti. Ukiona shafti yenye mabaka kama iliyoliwa na mchwa, jua ya kuwa kisu kilikuwa na ncha ya uongo.

Wahenga walisema kinolewacho hupata, nasi hatujaona mahali neno hilo lilipo kweli zaidi ya hapa. Kisu cha chuma hiki sharti kiwe kikali, si kikali cha kutosha tu, bali kikali cha kunyoa. Tena uso wake wa juu uinamishwe nyuma ya makali, ili kikate kama kisu cha jikoni kikatavyo nyama na wala kisisukume kama patasi iliyolazwa vibaya.

Visu viko vya namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni vya chuma cha kasi, ambavyo vijana huviita haispidi. Vilitoka Marekani, kwa majaribio ya Frederick Taylor na Maunsel White mwishoni mwa karne ya 19, na vilionyeshwa Paris mwaka 1900, watu wakastaajabu kuona kisu kimepata rangi nyekundu na bado kinakata. Visu vya kaboni vya zamani hulegea kabla joto halijafika digrii 300. Hivi huvumilia mpaka kama 600. Namna ya pili ni kabaidi, ambayo ni unga wa tangisteni na kaboni uliogandishwa kwa kobalti. Krupp waliitoa sokoni mwaka 1926 kwa jina la Widia. Kabaidi huvumilia joto kubwa zaidi, lakini ni ngumu kama kigae: haipendi kugongwa wala kutetemeshwa.

Watu wengi hudhani ya kuwa kabaidi, kwa kuwa ni ya baadaye na ni ghali, ndiyo bora kila mahali. Sisi hatukubali. Kisu huchaguliwa kwa kuitazama mashine kwanza. Shafti ya milimita 40 ikizunguka mara 160 kwa dakika, uso wake hupita mbele ya kisu mita 20 kwa dakika. Huo ni mwendo wa chuma cha kasi. Kabaidi kwa mwendo huo hukumbwa na ncha ya uongo na kurarua. Ili kabaidi yenye utando ifanye kazi yake vizuri yataka kama mita 120 kwa dakika, yaani shafti ile ile izunguke karibu mara 950. Kerezo kuukuu lililolegea kitako, ukilipeleka mwendo huo na shafti ndefu, hutetemeka lote. Kwa mashine ya namna hiyo kisu cha chuma cha kasi chenye kobalti, kilichonolewa na mtu ajuaye, hutoa uso mzuri kuliko kabaidi ya bei kubwa. Tunaomba jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za Halmashauri, ili asitokee mtu akanunua sanduku zima la kabaidi kwa ajili ya kerezo lisiloweza kuitumia.

Namna ya kukinoa kisu cha chuma cha kasi ni hii. Uso wa juu uinamishwe nyuma digrii 10 hata 15. Chini ya makali paachwe nafasi ya digrii 6 hata 8 ili kisu kisisugue. Ncha iviringwe kidogo sana. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha, makali yasuguliwe kwa jiwe laini la mafuta mpaka michirizi ya jiwe la umeme imalizike, kwa kuwa kila mchirizi ulio juu ya makali utachorwa juu ya shafti. Dakika kumi za jiwe la mafuta zaokoa saa nzima ya msasa. Kabaidi nayo hunolewa kwa jiwe la kijani, wala isitumbukizwe majini ikiwa moto, maana hupasuka nyufa zisizoonekana.

Sasa twende kwenye hesabu, nayo si ngumu kuliko hesabu ya mizani ya ghalani. Kisu kinapotembea huku shafti ikizunguka, huacha mfereji kama uzi wa skrubu. Ukitaka kujua kina cha mfereji huo, chukua mwendo wa kisu kwa kila mzunguko, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa mara nane ya nusu-kipenyo cha mviringo wa ncha. Kisu chenye ncha ya milimita 0.4 kikienda milimita 0.2 kwa kila mzunguko, mfereji una kina cha milimita 0.0125. Punguza mwendo kwa nusu, ufanye 0.1, na kina hushuka hata robo, yaani kama 0.003. Weka ncha ya 0.8 kwa mwendo huo huo, nacho hupungua tena kwa nusu.

Wataalamu wa mitambo ya chakula hutaka wastani wa mikwaruzo usizidi maikroni 0.8, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Wastani huo ni kama robo ya kina tulichokitaja. Basi ncha ya 0.4 kwa mwendo wa 0.1 inafika pale pale mpakani, lakini katika karatasi tu. Chuma hakijasoma karatasi ile. Ncha ya 0.8 hutupa nafasi ya kupumua. Mtu atasema: kama ni hivyo, kwa nini tusitumie ncha kubwa zaidi daima? Kwa sababu ncha kubwa husukuma shafti kando. Shafti nene na fupi huvumilia. Shafti nyembamba na ndefu huanza kutetemeka, kisu kikalia kama mbuzi, na uso ukawa na mawimbi mabaya kuliko mifereji. Kwa shafti nyembamba twachagua 0.4, twaishikilia kwa ncha ya nyuma, na kisu hatukitoi nje ya kishikio zaidi ya inavyolazimu. Tena kisu kikae sawasawa na kitovu cha shafti. Kikipanda juu ya hapo husugua, na kusugua tumekwisha kukueleza matokeo yake.

Kupunguza mwendo nako kuna mpaka. Fundi mwoga huenda polepole mno, tena hukata kidogo mno, akidhani ya kuwa upole huzaa ulaini. Kwa chuma cheusi huenda akafaulu. Kwa 304 anasugua tu. Kisu sharti kipite chini ya gamba lililoachwa na kisu kilichotangulia. Kwa hiyo kwa pito la mwisho twabakiza kama milimita 0.3 kila upande kwa ncha ya 0.4, na kama 0.5 kwa ncha ya 0.8, kisha twapita mara moja bila kusimama, mafuta ya kukatia yakimiminika. Kusimama katikati ili kupima huacha pete ngumu ambayo haitoki kwa urahisi. Mwanachama anayesimama nyuma ya fundi na kumwita katikati ya pito hilo ajue ya kuwa anaiharibu shafti yake mwenyewe! Maranda yake nayo ni marefu na makali kama nyembe. Hatuyashiki kwa mkono, twayavuta kwa kulabu, na mashine ikiwa imesimama.

Kwa wale wanaonunua, twaeleza alama. Vipande vya kabaidi vya kubadilisha vimegawanywa kwa herufi na rangi: P ya buluu ni kwa chuma cha kawaida, K nyekundu kwa chuma cha kalibu, na M ya njano kwa chuma kisichoshika kutu. Chukueni M. Juu ya kisanduku mtaona maandishi kama CNMG 120408 au CCMT 09T304. Herufi ya pili ndiyo ya kutazamwa. N maana yake ubavu wa kipande umesimama wima, hakina nafasi chini ya makali. Ni kipande cha nguvu kwa mashine ya nguvu. C maana yake ubavu umekatwa digrii 7, nacho hukata kwa ulaini na kufaa kerezo dogo. Tarakimu mbili za mwisho ni ncha: 04 ni milimita 0.4, na 08 ni 0.8. Herufi ya tatu ikiwa G, kama katika CCGT, kipande kimesagwa kwa usahihi, na mara nyingi makali yake ni makali zaidi. Vingi vya namna hiyo huuzwa kwa kazi ya alumini, lakini kwa pito jepesi la mwisho juu ya 304 vimefaa sana. Utando nao una namna: ule mwembamba uitwao PVD huacha makali yakiwa makali, ule mnene uitwao CVD huyafunika kidogo. Kwa uso mzuri twapendelea ule mwembamba.

Limebaki neno la mahali pa sili. Hata uso ukiwa laini kiasi gani, ule mfereji wa kisu ni uzi wa skrubu, na uzi unaozunguka ndani ya sili husukuma mafuta kama pampu, ama nje ama ndani kwa kufuata upande wa mzunguko. Tuliletewa shafti moja iliyokerezwa kwingine, ikimeta kama kijiko cha harusi, nayo ilivujisha grisi tangu siku ya kwanza. Sili haikuwa na kosa; uzi ndio uliokuwa ukiisukuma grisi. Kwa hiyo mahali pale humalizwa kwa kusagwa kwa jiwe kwenye mashine ya kusagia, au, pasipo mashine hiyo, kwa msasa laini wenye mafuta uliowekwa juu ya kibao na kushikwa bila kutembezwa kulia wala kushoto. Kamwe msasa usizungushwe kidoleni. Kerezo halirudishi kidole. Wala msasa au brashi ya waya iliyotumika kwa chuma cheusi isiguse stenlesi, kwani huacha chembe zake, na chembe zile zitashika kutu, kisha mtasema tumewauzia chuma bandia.

Ombi letu kwa Halmashauri, basi, ni dogo. Kwa kerezo la zamani, vinunuliwe visu vya chuma cha kasi chenye kobalti na mawe mawili ya mafuta. Kwa kerezo jipya, kishikio kimoja cha CCMT na vipande vya M vya 04 na 08, tena visihifadhiwe ghalani pamoja na misumari. Na kijana mmoja kati ya wanafunzi wetu apelekwe chuo cha VETA akajifunze kunoa, kwa kuwa sisi wengine macho yetu yameanza kuzeeka.

Nanyi wanachama, mkija karakanani na shafti iliyokatika, leteni na sili yake ya zamani, hata kama imeliwa. Leteni sumaku pia kama mnayo: 304 haivutwi, au huvutwa kidogo sana, na kipande kinachong'ang'ania sumaku mlichouziwa kwa jina la 304 mkirudishe kwa aliyewauzia kabla hatujakiweka kwenye kerezo. Shafti ikiwa tayari, pitisheni ukucha kwa urefu wake. Ukucha ukikwama popote, msiichukue.